Sabuni ya mmea na chembe nano kwenye mwamba wa mafuta: namna ya kuzipima bila kujidanganya

Kisima kipya cha mafuta husukumwa na shinikizo la ardhi yenyewe. Shinikizo likichoka, maji hupigwa chini kupitia visima vya pembeni ili yayaswage mafuta kuelekea kisima cha kutolea. Hatimaye kisima hutapika maji karibu matupu, ilhali kwa kawaida zaidi ya nusu ya mafuta bado yamo mwambani. Sehemu yake imekatika kuwa matone yaliyokwama kwenye shingo nyembamba za vinyweleo vya mwamba. Sehemu nyingine imejipaka kwenye kuta za vinyweleo hivyo kama mafuta yanavyong'ang'ania sufuria iliyooshwa kwa maji baridi.

Dawa ya sufuria ni sabuni, na wazo hapa ni lile lile. Safaktanti ni jina la kitaalamu la kitu chochote chenye tabia ya sabuni: upande mmoja wa molekuli hupenda maji, upande wa pili hupenda mafuta. Mimea mingi inayo safaktanti yake ya asili iitwayo saponini, ambayo huoza yenyewe na haitegemei kiwanda cha petroli. Chembe nano, yaani punje za silika au alumina zenye upana wa nanomita chache hadi makumi kadhaa (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), huongezwa ili kuisaidia. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, fundi wa maabara au mhandisi anayetaka kuujaribu mchanganyiko huo kuanzia jani hadi mwamba. Nitakaa sana kwenye hesabu na kwenye makosa, kwa kuwa ndiko kazi nyingi zinakoharibikia.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kuchuma jani

Kinachoamua kama tone lililokwama litasogea ni ushindani wa nguvu mbili: maji yanayosukuma, na mvutano unaolishikilia tone. Wahandisi huupima ushindani huo kwa namba moja: mnato wa maji mara kasi yake, gawanya kwa mvutano kati ya mafuta na maji.

Chukua maji yenye mnato wa 0.001 Pa·s yanayotembea mwambani futi moja kwa siku, yaani takriban mita 0.0000035 kwa sekunde. Mvutano kati ya mafuta ghafi na maji ya chumvi mara nyingi huwa milinewtoni 20 hadi 30 kwa mita (mN/m); tuchukue 25. Namba inayopatikana ni 1.4 × 10⁻⁷. Ili matone yaliyokwama yaanze kuachia kwa wingi, namba hiyo inatakiwa ipande hadi 10⁻⁵ na kuendelea, na ili mwamba usafike kweli inatakiwa ikaribie 10⁻³. Kasi huwezi kuiongeza mara elfu bila kuupasua mwamba. Kilichobaki ni kuushusha mvutano, na ili kufika 10⁻³ unahitaji mvutano wa 0.0035 mN/m.

Sasa tazama saponini. Dondoo nzuri ya mmea hushusha mvutano kutoka 25 hadi, tuseme, 5. Grafu inapendeza. Lakini rudi kwenye kanuni: namba imepanda mara tano tu, kutoka 1.4 × 10⁻⁷ hadi 7 × 10⁻⁷. Tone bado halijasikia chochote.

Hili ndilo jambo la kushika kabla ya yote. Sabuni ya mmea peke yake haishindani na safaktanti za viwandani katika kushusha mvutano. Ikiwa inaongeza mafuta, mara nyingi ni kwa njia nyingine: inaubadilisha uso wa mwamba, kutoka mwamba unaopenda mafuta hadi mwamba unaopenda maji, nao mwamba wenyewe unavuta maji na kuyatema mafuta. Kwa hiyo hatua zote zinazofuata zimepangwa kuupa uso wa mwamba uzito kuliko mvutano. Ukikuta ripoti inayosifia kushuka kwa mvutano kutoka 25 hadi 8 na kuishia hapo, jua imepima kitu rahisi ikaacha kitu muhimu.

Hatua ya 2: Jua mwamba, mafuta na maji unayoshughulika nayo

Mwamba wa mchanga una uso wenye chaji hasi katika maji ya kawaida. Mwamba wa chokaa mara nyingi una chaji chanya. Mafuta ghafi yana asidi ambazo zikigusana na maji huwa na chaji hasi, hivyo hunata kwenye chokaa kwa urahisi. Ndiyo maana miamba mingi ya chokaa hupenda mafuta. Pima asidi ya mafuta yako, mnato wake, na lami iliyomo. Chambua maji ya mwambani: jumla ya chumvi, na hasa kalisi na magnesi. Andika halijoto ya chini. Usitumie maji ya bomba yenye chumvi ya mezani ukadhani umeiga hali ya chini ya ardhi. Kalisi ndiyo mharibifu mkuu wa mchanganyiko huu, na chumvi ya mezani haina kalisi ya maana.

Hatua ya 3: Chagua mmea

Mimea iliyokwisha kujaribiwa kwa kazi hii ni mingi. Majani ya mkunazi wa aina ya Ziziphus spina-christi yamepimwa sana na watafiti wa Iran. Mizizi ya urukususu (Glycyrrhiza glabra) ina saponini nyingi. Matunda ya Sapindus mukorossi hutumika kufulia tangu zamani, na magome ya Quillaja saponaria ya Chile ni chanzo cha saponini za kibiashara. Majani ya mforsadi nayo yamejaribiwa.

Usichague kwa wingi wa povu. Povu linakuambia kuwa saponini ipo, halikuambii itafanya nini ndani ya jiwe. Vigezo vyangu ni vitatu: sehemu ya mmea inayotumika iwe inakua tena au ni mabaki (jani ni bora kuliko gome, gome ni bora kuliko mzizi), iweze kukusanywa kwa tani, maana kisima hakinywi kwa gramu, na isiwe na tanini nyingi. Tanini ikikutana na chuma cha mabomba na matangi hutoa mashapo meusi, kwa kemia ile ile ya wino wa kale. Mchanganyiko ulio wazi kama chai asubuhi unaweza kuwa mweusi jioni, ukaziba chujio.

Kuna njia nyingine: kuchukua mafuta ya mbegu kama mbono au mnyonyo na kuyageuza kuwa safaktanti za salfoneti. Hizo hushusha mvutano vizuri zaidi, lakini ni kemia ya kiwandani yenye asili ya mmea, na kwa hatua zinazofuata zichukulie kama safaktanti za viwandani.

Hatua ya 4: Toa saponini

Osha majani, yakaushe kivulini, yasage. Vaa barakoa, vumbi la saponini hukera pua na koo. Ondoa kwanza mafuta na kijani cha jani kwa kuloweka unga kwenye heksani, uchuje, uache unga ukauke ndani ya kabati la kuvuta hewa. Ukiruka hatua hii utapata dondoo ya kijani inayonata, na mafuta ya jani yatavuruga kila kipimo cha mvutano utakachofanya.

Kisha loweka unga kwenye maji au kwenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 80, kwa joto la wastani, ukikoroga. Ethanoli hubeba sukari na utomvu kidogo kuliko maji, kwa hiyo dondoo yake huwa na nguvu zaidi kwa gramu. Chuja, punguza kiyeyushi kwa mashine ya kuvukiza kwenye ombwe, kisha kausha kwa joto lisilozidi nyuzi 50 za Selsiasi. Ukitaka saponini safi zaidi, yeyusha dondoo kwenye maji na uitikise na butanoli: saponini huhamia kwenye butanoli, sukari hubaki kwenye maji.

Je, usafishe hadi wapi? Kwa majaribio ya kuelewa, safisha. Kwa kazi inayolenga kisima, pima pia dondoo ghafi, kwa sababu hakuna atakayelipia butanoli ya kusafishia tani za majani. Andika wazi ni ipi uliyotumia. Nimesoma kazi nyingi zinazosema "saponini asilimia 3" huku maana yake ni unga mkavu wa majani wa asilimia 3, ambao ndani yake saponini ni sehemu ndogo tu. Kipimo cha rangi cha vanilini na asidi ya sulfuriki kitakupa kiasi cha saponini iliyomo, usikiruke.

Hifadhi dondoo ikiwa kavu. Mmumunyo wake ni chakula cha bakteria na ukungu: ukiuacha mezani siku chache utanuka, na vipimo vya siku ya tano havitafanana na vya siku ya kwanza. Tengeneza mpya kila unapoanza jaribio.

Hatua ya 5: Ipime sabuni ikiwa peke yake

Tengeneza mimumunyo ya ukolezi tofauti na upime mvutano kwa njia ya tone linaloning'inia. Mvutano utashuka kadiri ukolezi unavyopanda, kisha utafika mahali grafu inalala. Kona hiyo ni mahali molekuli zinapoanza kukusanyika kuwa vifungu viitwavyo miseli. Kuongeza sabuni zaidi ya hapo hakushushi mvutano tena. Kwa kulinganisha, safaktanti ya viwandani iitwayo SDS hufika kona hiyo kwenye takriban asilimia 0.24 kwa uzito katika maji safi. Dondoo ghafi za mimea mara nyingi huhitaji ukolezi mkubwa zaidi, wakati mwingine asilimia kadhaa, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wake si saponini.

Halafu fanya jaribio la bei rahisi kuliko yote, ambalo linaokoa muda kuliko yote. Jaza mirija ya kioo mmumunyo wako uliotengenezwa kwa maji halisi ya mwambani, funga, weka kwenye oveni kwa halijoto ya chini ya ardhi. Tazama saa ya kwanza, siku ya kwanza, wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza. Baadhi ya saponini zina vikundi vya asidi ambavyo hukamatana na kalisi na kudondoka kama mashapo. Nyingine, zikikaa kwenye joto na asidi, hukatika pale sukari ilipoungana na kiini cha molekuli, na sabuni inageuka kuwa vipande viwili visivyo sabuni. Pima mvutano tena baada ya mwezi. Mmumunyo uliobadilika humo ndani hautafika popote, maana chini ya ardhi safari kutoka kisima hadi kisima huchukua miezi.

Hatua ya 6: Ongeza chembe nano

Silika ndiyo ya kuanzia: inapatikana, ni nafuu kuliko wenzake, na tabia zake zinajulikana. Katika maji yenye pH ya juu ya 3 uso wake una chaji hasi. Kwenye mwamba wa mchanga, ambao nao ni hasi, chembe na ukuta husukumana, hivyo chembe husafiri mbali. Kwenye chokaa hunata, jambo ambalo linaweza kuwa jema au baya kutegemea kama unataka zibadilishe uso au zisafiri. Alumina hubaki na chaji chanya hadi pH ya 8 au 9 hivi, na tabia yake ni kinyume.

Usalama kwanza, kwa kifupi: nunua chembe zikiwa tayari kwenye maji ukiweza. Ukiwa na unga, ufungue ndani ya kabati la kuvuta hewa, ukiwa na barakoa ya kichujio na glavu. Unga huo huelea hewani muda mrefu, na silika ya kuvuta pumzi si jambo la mzaha.

Chembe hizi hufanya nini hasa? Maelezo yanayotajwa zaidi yanatokana na kazi ya Darsh Wasan na Alex Nikolov iliyochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature. Kwenye ukingo ambapo tone la mafuta linakutana na jiwe, maji huingia kama kabari nyembamba. Chembe hujipanga ndani ya kabari hiyo, na mpangilio wao husukuma mafuta yabanduke. Ni picha nzuri, lakini mpangilio huo unataka chembe zilizosongamana, ilhali kwenye majaribio ya mafuta tunatumia asilimia 0.01 hadi 0.1 tu. Siyo busara kuieleza kila tone la ziada kwa kabari. Mara nyingi chembe zinafanya kazi ya kawaida zaidi: zinakaa ukutani na kuufanya upende maji, zinakaa mahali ambapo saponini ingenaswa, au zinaziba kidogo njia kubwa ili maji yapitie njia ndogo.

Mpangilio wa kuchanganya una maana kubwa. Anza na maji safi na chembe. Zitawanye kwa kifaa cha mawimbi ya sauti chenye ncha inayotumbukizwa, kwa mapigo ya vipindi, chombo kikiwa ndani ya barafu; bila barafu mmumunyo unachemka ukingoni mwa ncha. Nusu saa hadi saa moja kwa kawaida inatosha. Kisha ongeza sabuni ukikoroga taratibu bila kutengeneza povu. Chumvi iwe ya mwisho, kidogo kidogo. Ukianza na maji ya chumvi ukamwaga unga wa silika, utapata mashapo, na hakuna mawimbi ya sauti yatakayoyarudisha yalivyotakiwa kuwa.

Sababu ya chumvi kuwa adui ni hii: chembe husimama mbalimbali kwa kusukumana chaji, na msukumo huo hufika umbali fulani tu. Katika maji yenye chumvi ya moli 0.1 kwa lita, umbali huo ni nanomita moja hivi. Katika maji ya bahari, yenye takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, ni nanomita 0.4. Chembe zikikaribiana kiasi hicho, mvuto wa asili hushinda nazo hushikana. Hapa ndipo saponini inapolipa: ikijipaka juu ya chembe, sukari zake hutengeneza koti nene kuliko umbali huo, na koti halijali chumvi kama chaji inavyojali. Inakula sabuni kiasi gani? Silika yenye mita za mraba 200 kwa gramu, ikiwa asilimia 0.05, inaleta mita za mraba 100 ndani ya kila lita. Ukikadiria miligramu moja au mbili za saponini kwa kila mita ya mraba, ni gramu 0.1 hadi 0.2 kwa lita. Kama mmumunyo wako una gramu 5 kwa lita, hasara hiyo unaimudu.

Pima ukubwa wa chembe ndani ya mmumunyo, usitegemee lebo ya kopo. Kopo linasema nanomita 15. Ndani ya maji mara nyingi unakuta vishada vya 150 au zaidi. Kanuni ya vidole ya watu wa visima ni kwamba punje kubwa kuliko theluthi ya shingo ya kinyweleo hurundikana mlangoni, zilizo kati ya theluthi na sehemu ya saba huingia na kuziba, na zilizo ndogo kuliko sehemu ya saba hupita. Linganisha kishada chako na shingo za mwamba wako. Na hata chembe ndogo hukwama mlangoni kama umati uking'ang'ania kutoka kwa mlango mmoja, hasa ukolezi ukiwa mkubwa.

Hatua ya 7: Pima mwamba unakula kiasi gani

Saga mwamba, uchanganye na mmumunyo kwa saa 24, tenga, pima ukolezi uliobaki. Tofauti, ukigawanya kwa gramu za mwamba, ndiyo iliyonaswa. Rudia ukiwa na chembe nano na bila hizo. Kumbuka kwamba kusaga kunafungua nyuso mpya, kwa hiyo namba hii huwa kubwa kuliko hali halisi.

Matokeo ya miligramu 1 kwa gramu yanasikika madogo. Yahesabu kwa mita ya ujazo ya mwamba yenye vinyweleo vya asilimia 20. Mwamba huo una uzito wa takriban kilo 2,120, hivyo unanasa kilo 2.12 za saponini. Vinyweleo vyake vinabeba lita 200. Ukivijaza mmumunyo wa asilimia 0.5, umeingiza kilo moja. Yaani mwamba una njaa maradufu ya chakula ulichouletea, na nusu ya safari mmumunyo umeshakuwa maji matupu. Ikiwa chembe nano zinapunguza unaswaji kutoka miligramu 1 hadi 0.4, kilo 0.85 zinanaswa na kilichobaki kinasonga mbele. Mimi naona hii ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya kutumia chembe nano pamoja na sabuni ya mmea, kuliko kushuka kwa mvutano kunakotangazwa kila mahali.

Hatua ya 8: Pima uso wa mwamba

Kata vipande vyembamba vya mwamba, vipige msasa, viloweke kwenye mafuta ghafi kwa joto la mwambani kwa siku kadhaa hadi wiki, ili viwe vinapenda mafuta. Pima pembe ya tone, yaani pembe ambayo ukingo wa tone unafanya na uso wa jiwe, viweke kwenye mmumunyo, upime tena. Ikihesabiwa ndani ya maji, pembe chini ya nyuzi 75 hivi ni mwamba unaopenda maji; zaidi ya 105 hivi unapenda mafuta. Pima matone mengi kwenye vipande vingi. Tone moja lililopigwa picha nzuri si ushahidi.

Pembe ni kipimo cha uso uliolainishwa. Kwa mwamba wenyewe, tumia chombo cha Amott: kioo chenye shingo iliyotiwa alama. Weka ndani kipande cha mwamba kilichojaa mafuta na kulelewa kwenye joto (yaani kuachwa humo ili uso uyazoee mafuta), jaza mmumunyo, uache. Hakuna pampu. Mwamba ukianza kupenda maji utavuta mmumunyo na kutema mafuta, nayo yatapanda shingoni ukayasome kila siku. Weka chombo cha pili chenye maji ya chumvi tu. Kama vyombo vyote viwili vinatoa mafuta sawasawa, sabuni yako haijaubadilisha uso, hata mvutano wake uwe mzuri namna gani. Kama una muda wa jaribio moja tu, fanya hili.

Hatua ya 9: Sukuma kwenye kipande cha mwamba

Safisha kipande kwa toluini na methanoli, kaushe, pima uzito, jaza maji ya chumvi chini ya ombwe, pima upenyezaji (urahisi wa maji kupita ndani ya mwamba), sukuma mafuta hadi maji yasitoke tena, kisha lea kwa joto wiki mbili au zaidi. Baada ya hapo sukuma maji ya chumvi hadi mafuta yakome, sukuma mmumunyo, halafu maji tena.

Kipande cha kawaida kina kipenyo cha sentimita 3.8. Kikiwa na urefu wa 7.6 na vinyweleo asilimia 20, kinabeba mililita 17 tu. Ukianza na mafuta asilimia 70 ya hiyo, una mililita 12. Kwa hiyo asilimia moja ya mafuta ni mililita 0.12: karibu matone mawili au matatu. Bureti inayosomwa kwa kosa la mililita 0.1, bomba lisilohesabiwa ujazo wake, au emalsheni (mchanganyiko wa matone ya mafuta na maji) isiyojitenga vizuri vinatosha kutengeneza "ongezeko" la asilimia mbili lisilokuwapo. Unganisha vipande kadhaa ili ujazo uwe mkubwa, pima ujazo wa mabomba yote, na zungusha emalsheni kwenye mashinepewa (mashine inayotenganisha vimiminika kwa kuvizungusha kwa kasi) kabla ya kusoma. Rudia jaribio kwenye vipande pacha.

Kasi nayo ni mtego. Futi moja kwa siku kwenye kipande hicho ni mililita 0.048 kwa dakika. Ni polepole inayochosha, na kishawishi ni kuongeza mara kumi. Ukiongeza wakati ule ule unapobadilisha kutoka maji kwenda mmumunyo, hutajua ni sabuni au ni kasi iliyoleta mafuta. Tena mafuta hung'ang'ania mwishoni mwa kipande kwa sababu za maabara tu. Kwa hiyo kabla ya mmumunyo, pandisha kasi ya maji kwa muda, uone kama kuna mafuta yanayotoka, kisha irudishe. Yanayotoka hapo usiyahesabie sabuni.

Fanya misukumo minne isiyopungua: maji pekee kwa muda mrefu, sabuni pekee, chembe pekee, na mchanganyiko. Bila huo wa kwanza huna cha kulinganisha. Muda wote rekodi shinikizo kati ya ncha mbili. Shinikizo likipanda bila kushuka, chembe zinaziba. Mwishoni pima upenyezaji upya: ukianza na milidarsi 100 (milidarsi ni kizio cha upenyezaji) ukamaliza na 60, umelipia mafuta yako kwa kuharibu mwamba, na karibu na kisima uharibifu huo ndio unaozuia kuingiza chochote tena.

Hatua ya 10: Kabla ya kisima

Usiruke moja kwa moja hadi mradi wa visima vingi. Kuna jaribio la kisima kimoja: unaingiza ethili asetati ikiwa imeyeyushwa kwenye maji, unafunga kisima siku chache, sehemu yake inageuka kuwa ethanoli, kisha unavuta vyote juu. Ethanoli haipendi mafuta hivyo hurudi mapema. Ethili asetati huchelewa ikiingia na kutoka kwenye mafuta yaliyobaki. Pengo kati yao linakupa kiasi cha mafuta kilichobaki kuzunguka kisima. Lifanye kabla ya mmumunyo na baada yake.

Mambo mawili hayaonekani maabara. La kwanza ni emalsheni kwenye matangi ya kutenganishia. Chembe ya nusu-kipenyo cha nanomita 10 iliyokaa kwenye mpaka wa mafuta na maji wenye mvutano wa 20 mN/m inahitaji nishati karibu mara 1,500 ya ile ya mtikisiko wa joto ili ing'oke, kwa hiyo matone yaliyovaa chembe hayaunganiki yenyewe. Jaribu dawa za kutenganisha emalsheni mapema, kwa mafuta yaliyotoka kwenye kipande chako, kabla wenzako wa juu hawajakupigia simu usiku.

La pili ni harufu ya mayai yaliyooza. Dondoo ghafi imejaa sukari, na chini ya ardhi kuna bakteria wanaotumia salfeti ya maji ya chumvi kutengeneza gesi ya haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo huua watu na hula chuma. Ukiingiza dondoo kwa tani, unawalisha. Weka dondoo yako, maji ya mwambani na bakteria hao kwenye chupa zilizofungwa bila hewa, kwa joto la wastani, na upime salfaidi wiki hadi wiki. Ikipanda, rudi hatua ya 4 na uiondoe sukari, au chagua dawa ya kuua bakteria na uhakikishe kwanza kwamba haiigandishi silika yako.